Fishi Zilizogeuka Ramani

Vita vilipotutoa Kongo mara ya pili, nilivuka ziwa nikiwa na begi moja na vidole kumi vinavyojua kazi. Upande wa kule, mjini Kilwa ya Kongo, nilikuwa mwalimu wa daktilo katika shule ya wasichana. Niliwafundisha kuandika kwa mashini bila kutazama herufi, macho yakiwa kwenye karatasi na mgongo umenyooka. Nilipofika Nchelenge, upande wa Zambia, sikujua kama kazi hiyo itanilisha. Wazambia walizungumza Kibemba na Kiingereza, nami nilikuwa na Kifaransa changu na Kiswahili chetu, kile ambacho huku walikitumia sokoni tu, wakati wa kununua na kuuza samaki.

Kulikuwa na biro, yaani ofisi, moja ndogo karibu na barabara inayokwenda Kashikishi. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu ndugu zao. Mtu akivuka na kugundua kwamba mtoto amebaki nyuma, au mume amepanda bwato lingine, alikuja pale kuandikisha. Mkuu wa biro alikuwa Mzambia mwembamba, mwenye sauti ya chini na koti ambalo hakulivua hata wakati wa jua kali. Wote walimwita ba bosi, nami nikamwita hivyo hivyo. Siku niliyokwenda kuomba kazi alinisomea barua ya Kiingereza. Sikuelewa hata nusu yake, lakini niliiandika yote bila kosa. Akaitazama karatasi, akaitazama mikono yangu, akasema kwa Kiswahili cha sokoni nije Jumatatu.

Mashini yetu ya kompyuta ilikuwa moja tu. Ilitoka Ulaya, na herufi zake zilipangwa kwa mtindo wa Kifaransa. Kwangu hilo lilikuwa bahati. Ba bosi hakuipenda hata kidogo, kwa kuwa kila alipotaka kuandika A alipata Q, na baada ya mistari miwili alisimama na kuniachia kiti.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kwa vidole. Kila familia ilikuwa na fishi yake, karatasi ya habari zake ndani ya mashini. Kwenye kioo fishi zilionekana kama picha ndogo ndogo zilizopangwa safu, na jina chini ya kila picha. Unabonyeza mara mbili, fishi inafunguka: ukurasa mweupe wenye mistari. Jina. Jina la baba. Kijiji. Mulipotezana wapi. Mtoto ana alama gani mwilini. Maswali yalikuwa yale yale asubuhi mpaka alasiri, na majibu nayo yalikaribia kufanana, mpaka nikaanza kuyamaliza kichwani kabla mtu hajamaliza kuyasema. Nilijichukia kwa hilo. Mtu anakuambia jinsi alivyoachia mkono wa mwanawe, nawe unafikiria kama umeweka nukta mahali pake.

Kati ya waliokuja kila siku alikuwepo mama mmoja kutoka upande wa Pweto. Alikuwa na miaka kama arobaini, na kazi yake ilikuwa kuanika chisense mchangani kwa mfanyabiashara mmoja wa Kashikishi. Magamba ya dagaa hao yalimng'aa mikononi hata baada ya kunawa. Alikuwa akimtafuta binti yake wa miaka kumi na minne. Siku ya kuvuka, risasi zililia pale walipokuwa wakipandia mabwato, watu wakakimbia kila upande, yeye akajikuta ndani ya bwato na binti hayumo.

Kila asubuhi alipita kwetu kabla ya kwenda kazini.

"Habari iko?" aliniuliza.

"Haiko bado, mama."

"Bon," alisema, akaenda zake.

Hakuwahi kulia mbele yangu, wala kunilaumu. Labda ingekuwa rahisi kwangu kama angenilaumu.

Mwisho wa msimu wa mvua alikuja muzungu mmoja kijana kutoka Lusaka, kuleta programu ya ramani. Alikuwa mtu mwema. Alitoka jasho kama chungu kilichofunikwa, alimsalimia kila mtu, na alikula ubwali, ugali wa huku, kwa mkono bila kuombwa. Wakubwa wa Lusaka walikuwa wanataka kuona kwa picha ni wapi watu wanashukia. Muzungu aliiweka programu ile ndani ya mashini yetu, na siku ya pili akamwita ba bosi aje aone. Ziwa zima la Mweru lilikuwa pale kwenye kioo, la buluu, na alama nyekundu kila mahali mabwato yanapotua, toka kwetu mpaka Chienge. Ba bosi alifurahi. Aliweka kidole chake kwenye kioo na kufuata ufuo wote polepole. Nilikuwa sijamwona akitabasamu kwa muda mrefu hivyo. Alasiri muzungu akapanda gari lake, akaenda kuweka ramani mahali pengine.

Kesho yake asubuhi nilikaa kitini, nikabonyeza fishi ya kwanza mara mbili. Fishi haikufunguka. Lilifunguka dirisha la ramani, na ndani yake rangi ya buluu tupu, bila ufuo, bila alama, bila neno. Nilidhani nimebonyeza vibaya. Nikafunga, nikabonyeza fishi ya pili. Buluu. Ya tatu, buluu. Zile picha ndogo nazo zilikuwa zimebadilika, kila fishi sasa ilivaa picha ya dunia ya mviringo.

Fishi ya nne ilikuwa ya yule mama wa chisense. Nilitaka kuongeza mstari mmoja tu, kwamba amehama nyumba aliyokuwa amepanga. Buluu ilipofunguka nilihangaika nayo, nikabonyeza hapa na pale nikitafuta ukurasa mweupe umejificha wapi. Mwisho nikafunga. Mashini ikaniuliza kwa Kifaransa kama nataka kuhifadhi mabadiliko. Miaka yote niliyofanya kazi hiyo, jibu la usalama lilikuwa ndiyo. Ukijibu hapana, unapoteza. Ndivyo nilivyowafundisha hata wasichana wangu. Kidole kikajibu ndiyo kabla kichwa hakijafikiri.

Ndipo nikajiuliza nilichohifadhi ni nini. Nilijua kwamba kuna programu nyingine ndogo, ya kuandikia maneno matupu, ambayo hufungua karibu kila kitu hata kama kwa sura mbaya. Nikaifungua, nikaiambia inionyeshe fishi ya kwanza. Zilitokea alama za ajabu ajabu, mistari na mikwaju, lakini katikati yake niliona jina la mtu, jina la kijiji, na neno "kovu." Kwa hiyo fishi ilikuwa hai. Ya pili hai. Ya tatu hai. Nikafungua ya mama yule. Alama za ajabu tu, kutoka juu mpaka chini. Nilisoma mara tatu nikitafuta hata herufi za jina la mtoto. Hazikuwamo. Ramani ilikuwa imeandika bahari yake tupu juu ya maneno yake yote.

Ba bosi alipoingia nilimwambia kwamba fishi hazifunguki. Habari ya fishi moja iliyokufa sikuisema.

Alivuta kiti, akatazama ile buluu kwa muda.

"Ba mayo, ni virusi," alisema, akiniita mama kwa Kibemba. "Fishi zote zimekwisha."

"Hazijaisha, ba bosi. Majina bado yamo ndani. Nimeyaona."

"Umeyaona wapi? Mimi naona maji."

Nikamwonyesha kwa ile programu ndogo. Alitikisa kichwa. Kwake zile alama zilionekana kama maiti iliyooza, na jina katikati yake halikumpa moyo. Alikwisha kuamua: tutabandika tangazo sokoni na pale mabwato yanapotua, kila aliyeandikisha arudi kuandikisha upya. Tutaanza mwanzo.

Nilitazama nje. Benchi lilikuwa limejaa. Kulikuwa na mzee mwenye mguu uliovimba, na mama mwenye mapacha, na watu wengine ambao tayari nilikuwa nimewauliza maswali yale yote. Nilifikiria kumwambia kila mmoja wao, haya, tueleze tena siku ile. Uchovu ulionishika haukuwa wa mgongo.

"Unipe siku mbili," nilimwambia. "Unipe na radio."

"Siku mbili," alisema. "Radio ni saa nne, kama kawaida. Usimalize betri."

Radio ilikuwa katika chumba cha mbele, na waya wake mrefu wa kunasia sauti ulifungwa juu ya mkaratusi nje. Tuliitumia kuongea na Lusaka na biro nyingine. Fundi wa mashini wa Lusaka alikuwa mtu wa Bukavu, na Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko changu. Saa nne nilimpata. Nilimweleza yote, hata habari ya fishi iliyokufa, kwa kuwa yeye hakuniona uso.

"Mama, usikie," alisema, na sauti yake ikawa inapanda na kushuka kama mtu anayeongea chini ya maji. "Kila fishi iko na mukia nyuma ya jina. Fishi zenu mukia wao ni nukta dat. Mashini inatazama mukia, inajua ni programu gani itaifungua. Sasa ile ya ramani nayo inatumiaka dat. Ilipoingia, ikasema, mikia yote ya dat ni yangu. Haikuharibu kitu. Ilijifanya mwenye nyumba tu."

"Tuitoe hii ramani, basi."

"Wakubwa wanaitaka, mama. Tutairudishia fishi mukia wake. Lakini haina kwa kubonyeza picha. Ufungue dirisha nyeusi, ile ya kuandika amri."

Dirisha jeusi nililijua. Lubumbashi, nilipokuwa nasomea ualimu, mashini zote zilikuwa hivyo: giza, na mstari mmoja unaopepesa ukingoja useme. Shida ilikuwa kwamba radio ilikuwa chumba cha mbele na mashini chumba cha nyuma, na waya wa kuongelea haukufika hata mlangoni. Ba bosi akavua miwani, akakaa kwenye radio. Yeye na fundi hawakuwa na lugha moja vizuri, lakini herufi za radio, neno moja kwa kila herufi, zilikuwa moja kwa wote. Fundi alizisema, ba bosi akazipaza kupitia ukuta, mimi nikaziandika.

"Alfa! Siera! Siera! Oska! Chali!"

Nikaandika assoc. Nilidhani ni ushirika, kama ushirika wa wavuvi. Kwa kweli haikuwa mbali na hapo.

"Nafasi! Halafu nukta! Delta! Alfa! Tango!"

Nikagonga. Mashini ikajibu kwamba haijui ninachosema. Tukarudia toka mwanzo, watu wa benchini wakisikiliza kimya kama wako kanisani. Ikakataa tena. Mara ya tatu nikatazama vizuri kioo, nikaona nimeweka nukta-mkato badala ya nukta. Mwalimu wa daktilo! Kwenye mashini ya Kifaransa nukta iko juu ya nukta-mkato, lazima ushikilie kitufe cha herufi kubwa, na mimi kwa haraka sikushikilia. Nikasahihisha. Safari hii dirisha jeusi lilijibu kwa mstari mmoja mfupi: nukta dat, ni mali ya ramani.

Sijui kwa nini mstari ule ulinipa nguvu. Asubuhi nzima nilikuwa napigana na kitu kisichokuwa na sura, na sasa kimetaja jina lake.

Amri iliyofuata ilikuwa ile ile, pamoja na alama ya sawasawa na jina la aina ya fishi zetu. Hiyo ilipita. Kisha ikaja amri ya pili, ftype, ya kuiambia mashini kwamba aina hiyo inafunguliwa na programu ipi na imekaa wapi. Ilikuwa ndefu, na mwisho wake ndio uliotutesa.

"Asilimia!" ba bosi alipaza sauti. "Halafu moja!"

Kisha nikamsikia akimwuliza fundi kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuchezewa: asilimia moja ya nini? Kwenye radio watu wa biro nyingine, ambao walikuwa wanangoja zamu yao, walicheka. Fundi alijibu kwa Kiswahili, na sauti ilikuwa kubwa kiasi cha kunifikia mwenyewe.

"Haina ya kitu, ba bosi! Ni fasi tu. Mutu akibonyeza fishi, jina ya ile fishi itaingia pale."

Nikaandika, nikagonga. Dirisha jeusi halikulalamika. Nikarudi kwenye safu ya fishi, nikabonyeza ya kwanza mara mbili.

Ukurasa mweupe. Jina. Jina la baba. Kijiji.

Sikupiga kelele. Nilimwita ba bosi aje aone. Alikuja, akasimama nyuma yangu, akasoma fishi nzima kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. "Natotela, mukwai," alisema kwa Kibemba, na sikujua kama alikuwa ananishukuru mimi au Mungu. Karatasi ya tangazo aliyokuwa ameanza kuiandika aliikunja, akaitia mfukoni mwa koti.

Siku iliyofuata, buluu tena.

Nilikaa pale nikaitazama ile buluu bila hata hasira. Nilifungua dirisha jeusi, nikauliza mukia ni wa nani, likajibu ni wa ramani. Nikamwuliza ba bosi kama alifungua ramani jana jioni kabla ya kuondoka. Ndiyo, alifungua, alikuwa anaongeza alama mbili zilizotakiwa na Lusaka. Nikaelewa. Ramani ile kila ilipofunguliwa ilijitwalia mikia yote upya, bila kuuliza mtu.

Betri ya radio ilikuwa imelegea siku hiyo, fundi hakupatikana. Nikaandika amri zote mbili tena kwa mkono. Mchana ba bosi akafungua ramani, nikaziandika tena. Alasiri nikazirudia mara ya tatu, na nikakosea. Nikajiuliza: nitaishi hivi? Kila siku kumkumbusha mwenye nguvu kwamba nyumba si yake?

Ndipo nilipokumbuka kitu kutoka Lubumbashi. Mwalimu wetu mmoja alikuwa hapendi kuandika amri kila siku. Aliziandika mara moja katika karatasi ya ndani ya mashini, akaipa jina, na akitaka zifanye kazi aliita lile jina tu. Mashini ilisoma mstari kwa mstari na kutii. Nikajaribu. Mstari wa kwanza nilioandika ulikuwa wa kuifungua ramani yenyewe na kungoja mpaka mtu aifunge. Chini yake niliweka amri mbili za kurudisha mikia. Asilimia ikanisumbua tena, kwa kuwa ndani ya karatasi ya namna ile ilitaka kuandikwa mara mbili, na hilo niligundua baada ya kukosea kwa muda mrefu. Ilipokubali, niliiondoa picha ya ramani kwenye kioo na kuweka ya karatasi hii mahali pake, kwa jina lile lile. Ba bosi atabonyeza ramani kama kawaida, ataweka alama zake, atafunga, na nyuma yake kila kitu kitarudi kwa mwenyewe.

Tulijaribu. Alifungua, akaweka alama, akafunga. Dirisha jeusi lilitokea kwa muda wa kupepesa jicho, likatoweka. Nikabonyeza fishi. Ukurasa mweupe.

"Umeifunga kamba," ba bosi alisema.

"Nimeifunga, ba bosi." Kisha, kwa sababu nilikuwa nimechoka na sikuwa na nguvu ya kuendelea kuficha, nikamwambia habari ya fishi ya mama wa chisense. Hakunigombeza. Alisema ni lazima nimwambie mwenyewe, na nimwambie kabla ya kumwuliza lolote.

Asubuhi alipokuja, sikungoja aulize. Nilitoka nje, nikamwomba tukae kando, pale kwenye ngazi ya nyuma, mbali na benchi.

"Mama," nilisema, "ile fishi ya mutoto wako ilipotea. Haina mashini, ni miye. Iliniuliza neno, miye nikajibu ndiyo bila kufikiri. Yote yamefutika."

Alinitazama. "Yote?"

"Yote. Hata jina."

Alikuwa anakwangua magamba ya chisense kwenye kiganja kwa ukucha wa kidole gumba, moja moja. Nilitamani anitukane.

"Basi uandike tena," alisema. "Ile ya kwanza nayo ilikuwa na bongo ndani."

Sikuelewa ni bongo gani, uongo gani.

"Jina ya baba yake niliyokupa, haina ya kweli. Bwana yangu alikuwa askari. Sijue kama angali mzima, sijue sasa eko upande gani. Niliogopa. Nilisema, hii karatasi yabo itafika wapi? Nani ataisoma? Nikakupa jina ya kaka yangu. Kijiji nacho nikabadilisha." Aliacha kukwangua. "Siku zote nakuya kuuliza habari, na najua mwenyewe nilisema bongo. Nilipata haya kukuambia."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikuweza lolote kati ya hayo. Miezi mitatu nilikuwa nimemtafutia binti ambaye hayupo duniani, mwenye baba wa uongo na kijiji cha uongo, na kila asubuhi tulikuwa tunasalimiana kana kwamba yupo. Nilimweleza fishi zinasomwa na nani na hazisomwi na nani. Sijui kama aliniamini, lakini alinipa jina la kweli, na kijiji, na alama: kovu la uji wa moto kwenye mkono wa kushoto, toka kiwiko mpaka karibu na kifundo. Nilimwuliza maswali yote polepole. Sikumaliza sentensi yake hata moja kichwani mwangu.

Nilipoiingiza fishi mpya, niliiambia programu itafute, kwa jina la baba na kijiji kama kawaida. Kila Ijumaa lori la samaki lilituletea disketi kutoka Chienge, yenye fishi za watu waliotua kule kaskazini. Jina moja lilitokea. Nilibonyeza, nikiogopa kuona maji tena. Fishi ikafunguka. Msichana, miaka kumi na minne, jina la baba kama alivyolitaja mama, kijiji kile kile. Anaishi kwa familia ya mvuvi. Fishi ile ilikuwa imekaa ndani ya mashini yetu wiki saba.

Sikumwambia siku hiyo. Tulikuwa tumewahi kukosea, tukamfurahisha mzee mmoja kwa jina linalofanana, na sikutaka kuiona sura ile tena. Nilimwomba ba bosi aulize Chienge kwa radio kama msichana ana kovu, na wapi, bila kuwatajia mahali. Jibu lilichukua siku nne. Mkono wa kushoto, walisema. Toka kiwiko.

Nilipomwambia, mama alikwenda na lori la samaki, amekaa juu ya magunia matupu. Akarudi baada ya wiki moja na binti yake, wakaja biro, kwa kuwa fishi haifungwi mpaka watu wote wawili waonekane.

Sikuona furaha niliyoingoja. Binti alikuwa mrefu kuliko mama yake, na hakuwa amemshika mkono. Alimsalimia ba bosi kwa Kibemba safi, wakaongea, na mama alikuwa anatazama midomo yao bila kuelewa. Baadaye, binti alipotoka nje kunywa maji, mama aliniambia walikuwa wamegombana njiani. Binti hakutaka kuondoka. Mke wa mvuvi alimtunza vizuri, alimshonea nguo, alimwita mwanangu. Na tena binti alikuwa amemwuliza swali moja: kama mama alikuwa hapa karibu miezi hii yote, mbona hakuonekana?

"Ulimwambia nini?" nilimwuliza.

"Nilimwambia ile jina ya uongo. Ni mutoto, hataelewa leo." Alisimama, akajifunga kitenge vizuri. "Ataelewa. Aksanti, mama. Na wewe ulale kidogo, macho yako ni mekundu."

Nilifungua fishi yao, nikaandika tarehe, nikaifunga. Mashini iliniuliza kama nihifadhi. Niliusoma mstari wote, neno kwa neno, kabla ya kujibu.

Walipelekwa kambini pamoja na wengine kabla ya kiangazi kuisha, na sikuwaona tena. Fishi nyingine nyingi zilibaki wazi mpaka nilipoacha kazi ile. Ba bosi aliendelea na ramani yake, na sidhani kama alijua tena kilichokuwa kinafanyika kila alipoifunga. Ijumaa ile mama na binti walipotoka biro, ba bosi aliniambia niende nyumbani saa nane. Nilitembea mpaka chumba nilichopanga, nikavua viatu, nikalala mchana ule juu ya kitanda bila kutandua, nikisikia wanawake wa jirani wakitwanga muhogo.